Jinsi ya kukagua kama wafanyakazi wanafuata sheria za usalama wa taarifa bila kuwavua nguo

Habari zenu. Hii nimeiandika kwa ajili ya wenzangu mnaoshika aiti kwenye ofisi zetu hizi za kawaida, saccos, kampuni za mikopo, zahanati, shule, ofisi za watu 10 mpaka 60 hivi ambako mtu wa aiti ni mmoja, huyohuyo anatoa karatasi kwenye printa, anahangaika na intaneti, na jioni bosi anamuita anamwambia nataka kujua hawa watu wanafanya nini kwenye kompyuta zangu. Watu wa rasilimali watu someni pia, na mabosi.

Nianze na kilichonifanya niandike. Miaka ya nyuma niliagizwa kuweka programu ya kupiga skrinshoti kila dakika 5 kwenye kompyuta zote za ofisi niliyokuwa nafanya kazi, nikaweka, na hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeambiwa. Tulikuwa tunamtafuta mtu anayefungua mafaili ya wateja bila sababu. Siku ya tatu napitia zile picha nikakutana na ya dada mmoja wa kaunta, alikuwa amefungua imeili yake, majibu ya vipimo vya hospitali, jina lake kamili juu, na jina la ugonjwa limekaa katikati ya skrini. Hakuniambia mimi, na wala sikuwa na haki ya kujua. Kesho yake asubuhi kanikuta mlangoni, "kaka shikamoo, ile printa yangu umeiangalia?" nikaitikia marahaba huku nimeinamia simu kwa sababu nilishindwa kumtazama usoni. Na yule tuliyekuwa tunamtafuta hakuonekana kwenye picha hata moja, alikuja kuonekana kwenye logi za mfumo wenyewe wa wateja, ambazo zilikuwepo siku zote na zinaonyesha nani kafungua faili gani saa ngapi, basi, haziingii kwenye imeili ya mtu wala kwenye ugonjwa wake.

Toka siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja, kwamba kufuatilia sheria ni kazi halali na ya lazima maana taarifa za wateja siyo zetu, ila ukishaanza kumchungulia mtu umetoka kwenye usalama na wewe mwenyewe umekuwa hatari. Hatua nnazotumia ni hizi.

Hatua ya 1: Andikeni mnachoogopa kabla hujagusa programu yoyote

Kaa na bosi, chukua karatasi, muulize tunaogopa nini kitoke humu ndani na kitapita njia gani. Majibu yawe ya kushikika. Tunaogopa orodha ya wakopaji na namba zao za simu itoke kwa flashi. Tunaogopa mtu alogini kwa jina la mwenzake apitishe malipo. Tunaogopa laptopu ya afisa mikopo iibiwe kwenye daladala ikiwa haina paswedi. Kila moja kati ya hizo unaweza kuitafutia kitu kimoja cha kukagua.

Ila bosi akikwambia naogopa watu wanazembea, au nataka kujua nani ananisema vibaya, au yule kijana nasikia anatafuta kazi sehemu nyingine, hapo mwambie kwa heshima kwamba mzee, hilo halimo kwenye usalama wa taarifa. Kuzembea kuna njia zake, kuna malengo ya kazi, kuna msimamizi, kuna vikao. Nakazia hapa kwa sababu neno usalama limegeuzwa kuwa mlango wa kila kitu, mtu akitaka kumpekua mwenzake anasema tu "ni usalama" na ofisi nzima inanyamaza.

Hatua ya 2: Kagua sheria zenyewe kabla ya kukagua watu

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote na ndo inayowaumiza watu kuliko zote.

Kuna ofisi niliitwa kusaidia, logi zilionyesha watu 6 wanachomeka flashi kila wiki wakati sheria ya ofisi inakataza kabisa, na bosi alishachapa barua za onyo zinasubiri sahihi. Nikaomba anipe siku 1 nikae tu pale chini niangalie. Saa 4 na nusu asubuhi dada wa mikopo kamaliza fomu ya mteja, anabonyeza printi, printa inavuta karatasi inafika nusu inakwama, inaanza kulia. Anafungua ubavuni, anatoa karatasi kipande kipande, anajaribu tena, inakwama tena. Mteja amekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni anasubiri. Dada akafungua pochi akatoa flashi, akahamisha fomu, akavuka barabara mpaka stationery, akalipa kwa hela yake, akarudi na karatasi anahema. Na ile fomu yenye namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu na majina ya wadhamini ikabaki kwenye kompyuta ya stationery katikati ya CV za watu na kadi za michango ya harusi.

Sasa hao ndo watu 6. Walikuwa wanavunja sheria ili kazi ya ofisi iende, na hasara ya kweli kwa mteja ilikuwa kubwa tu sikatai, lakini barua ya onyo isingetoa karatasi iliyokwama. Printa ikanunuliwa, na wiki 2 baadae flashi zilibaki za mtu mmoja tu, na huyo ndo tulikuwa na haja ya kuongea nae.

Hivyo hivyo kwenye paswedi. Ukimlazimisha mtu kubadili kila siku 30 na kila moja iwe na herufi kubwa, namba na alama, ataiandika kwenye kikaratasi ataibandika chini ya kibodi, alafu wewe unapita unapiga picha unasema kavunja sheria. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, toka 2017 mwongozo wake unasema usimlazimishe mtu kubadili paswedi kila baada ya muda fulani kama hakuna dalili kwamba imevuja. Kwahiyo kabla ya kufuatilia jiulize, hii sheria mtu mwenye foleni ya wateja 20 anaweza kuifuata kweli? Kama haiwezekani ifute au irekebishe kwanza.

Hatua ya 3: Fungua dirisha dogo kabisa linalotosha

Panga vitu kwa kuanzia chini. Cha kwanza kuangalia ni mashine: antivairasi ipo hai, apdeti zimeingia, skrini inajifunga yenyewe baada ya dakika chache, diski imefungwa kwa paswedi ili ikiibiwa isisomeke. Hapo hujamgusa mtu. Cha pili ni logi za mifumo ya kazi, nani kalogini, kafungua faili la mteja yupi, kapitisha malipo gani. Cha tatu ni jumla kwa kitengo, mfano mauzo wana majaribio 40 ya paswedi yaliyokosewa wiki hii, kwanini. Ukija kwa mtu mmoja mmoja uwe na kengele imelia, kitu mahususi, chenye tarehe, siyo hisia.

Na kabla hata ya kuangalia, angalia kama unaweza kuzuia. Kama hutaki flashi basi funga matundu ya flashi kwenye kompyuta, kama karani hana kazi na akaunti za mameneja mnyime ruhusa ya kuziona. Mlango uliofungwa hauhitaji mtu wa kuuchungulia saa 24, na haumdhalilishi mtu.

Programu inayorekodi kila herufi mtu anayobonyeza usiiweke, kabisa. Inabeba paswedi yake ya benki, inabeba anachomwandikia mke wake, na ikidukuliwa umemkabidhi mwizi funguo za ofisi nzima kwenye faili moja. Skrinshoti za mfululizo nimeshaeleza. Kuwasha kamera ya laptopu au maiki ya mtu akiwa nyumbani kwake, hilo hata lisijadiliwe.

Kuhusu simu. Ofisi nyingi hazinunui simu, mfanyakazi anatumia simu yake na bando lake na WhatsApp yake kuongea na wateja wa ofisi, alafu siku moja anaambiwa alete simu iwekwe programu ya ofisi. Zile programu nyingine zina uwezo wa kuona ulipo na kufuta simu nzima na picha za watoto wako zikiwemo. Kama kazi inahitaji simu inayodhibitiwa basi ofisi inunue simu na laini. Haiwezi kununua, basi ikubali kwamba kilichomo kwenye simu ya mtu ni cha mtu, na taarifa nyeti zisipite huko.

Alama za vidole nazo tuziangalie upya, tumezizoea mno. Uingereza mwezi wa 2 mwaka 2024 kamishna wa taarifa aliiamuru Serco Leisure, kampuni inayoendesha vituo vya michezo, iache kutumia sura na vidole kuhesabu mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000, hoja ikiwa kwamba kadi au njia nyingine nyepesi zingefanya kazi hiyohiyo na wafanyakazi hawakupewa njia mbadala ya maana. Hilo la njia nyepesi ndo swali la kujiuliza kila unapotaka kuongeza kitu.

Hatua ya 4: Waambie, kabla, kwa Kiswahili, kwenye kikao

Kurasa 2 zinatosha. Tunafuatilia nini, hatufuatilii nini, nani anaona, inakaa siku ngapi, ukionekana umekosea kitafuata nini, na ukiona umeonewa umwambie nani. Zisomwe kwa sauti na watu waulize. Kama ofisi ina mlinzi au mfanya usafi anayepita mbele ya kamera nae aitwe, ni mfanyakazi kama wengine.

Msijifiche nyuma ya sahihi. Mtu umempa mkataba wenye kurasa 14 za Kiingereza siku ya kuanza kazi, ana kodi ya nyumba inamsubiri, atasaini chochote, na hiyo "ndiyo" yake haina uzito mbele ya mtu mwenye akili. Kinachokulinda ni kuwa na sababu ya kweli na kuwaambia ukweli.

Sheria nazo zipo, watu wengi bado wanadhani hatuna. Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 16 inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023, ina Tume yake, na inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali inayojulikana na zisizidi zinazohitajika. Mfanyakazi nae ni mtu, zile logi zenye jina lake ni taarifa zake binafsi. Majirani Kenya wana ya kwao toka 2019 na Kamishna wa Data, Uganda hivyohivyo 2019.

Kuna kesi moja kila mwenye kazi hii aijue japo ni ya mbali. Romania, mhandisi wa mauzo anaitwa Bogdan Bărbulescu, mwajiri alimwambia afungue Yahoo Messenger ya kujibu wateja. Mwezi wa 7 mwaka 2007 wakaifuatilia kwa siku kadhaa, wakamuuliza umeitumia kwa mambo binafsi, akasema hapana, wakamwekea mezani kurasa 45 za maongezi yake na kaka yake na mchumba wake, mambo ya afya na ya chumbani yakiwemo, tarehe 1 Agosti akafukuzwa. Mahakama za kwao zikamkatalia, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo mwanzo 2016 ikamkatalia, mpaka tarehe 5 Septemba 2017 jopo kubwa la mahakama hiyohiyo likampa haki, majaji 11 kwa 6. Sheria ya ofisi ya kukataza matumizi binafsi ilikuwepo na alikuwa anaijua. Kilichoangaliwa ni kama aliambiwa kabla kwamba maandishi yenyewe yanaweza kusomwa, walisoma kwa kiasi gani, walikuwa na sababu gani, kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi, na yeye alipata madhara gani. Haitufungi sisi huku lakini mimi hayo maswali nimeyaandika nyuma ya daftari langu na nayapitia kila nnapoombwa kufuatilia kitu kipya.

Jambo lingine, kompyuta ya bosi ianze. Nimeona ofisi watu wa chini wote wamefungiwa kila kitu alafu mkurugenzi anatumia paswedi moja na katibu wake na inajulikana mpaka kwa dereva. Wafanyakazi wanaona. Ukiwaambia usalama watakusikiliza ila hawatakuamini.

Hatua ya 5: Funguo mbili, na daftari la aliyefungua

Mtu wa aiti peke yake asiwe na uwezo wa kufungua logi za mtu kimyakimya. Sisemi aiti ni wabaya, nasema sisi ni binadamu, una ugomvi na mtu, kuna dada unampenda, kuna rafiki yako yupo kwenye matatizo, na admini anaona kila kitu. Weka utaratibu wa watu 2, aiti na rasilimali watu, ombi liandikwe: jina, tukio gani, tarehe zipi, tunatafuta nini. Na kila ufunguzi uandikwe kwenye daftari ambalo mtu wa tatu analipitia kila mwezi.

Hili linakusaidia na wewe. Bosi akija amesimama mlangoni, "nifungulie imeili za fulani", huna haja ya kubishana nae, unamwambia "sawa mzee, tujaze fomu na HR nae aweke sahihi, maana hili jambo likienda mbele tutaulizwa sote". Kwa uzoefu wangu maombi mengi yanafia hapo. Yenye sababu yanajazwa dakika 5 na kazi inaendelea.

Na kumbuka ulichokusanya kinaweza kuvuja kama kitu kingine chochote. Ujerumani, kituo cha huduma cha kampuni ya nguo ya H&M pale Nuremberg, viongozi walikuwa wanaandika mambo binafsi ya wafanyakazi, magonjwa, matatizo ya familia, mpaka imani za dini, wanahifadhi kwenye folda. Oktoba 2019 mpangilio wa kompyuta ukakosewa, folda ikawa wazi kwa kampuni nzima kwa masaa kadhaa. Mwaka uliofuata wakapigwa faini ya euro milioni 35.3.

Hatua ya 6: Majaribio ya utapeli yasichezee mshahara wala misiba

Kutuma meseji au imeili ya uongo kuona nani atabofya ni mazoezi mazuri, sisi wenyewe tumelelewa na "ile hela tuma kwenye namba hii", watu wanajifunza haraka. Lakini chagua chambo chenye utu. GoDaddy, kampuni ya Marekani inayouza majina ya tovuti, desemba 2020 waliwatumia wafanyakazi imeili ya bonasi ya sikukuu dola 650, ikawa ni mtihani, wakaishia kuomba radhi. Uingereza 2021 kampuni ya treni ya West Midlands Trains waliwaahidi wafanyakazi malipo ya shukrani kwa kazi ya kipindi cha korona, nayo ikawa mtihani. Fikiria mtu alishampigia mama yake simu kumwambia ada ya mdogo wake imepatikana.

Tumia chambo cha kazi: ankara ya msambazaji, faili la kushirikishwa, notisi ya paswedi kuisha. Majina ya waliobofya yasibandikwe ukutani wala yasisomwe kwenye kikao, angalia asilimia ya kitengo alafu fundisha. Na hesabu waliotoa taarifa kwamba hii meseji siielewi, hao ndo watakaokuokoa siku ya kweli.

Hatua ya 7: Ukikuta kosa, muite kwanza umsikilize

Muite faragha, mweleze ulichoona, umuulize ilikuwaje, alafu unyamaze. Kuna aliyekosea kwa bahati mbaya, kuna aliyechoka akaruka hatua, na kuna aliyekusudia kuuza orodha ya wateja, hao watatu huwezi kuwapa barua ya aina moja. Kama mnafika kwenye nidhamu kumbukeni mwongozo wa utendaji bora wa ajira, tangazo la serikali namba 42 la 2007, unaangalia kama sheria ilikuwa wazi na ya haki, mfanyakazi alikuwa anaijua, na imekuwa ikitumika kwa wote bila upendeleo. Kama wadada 6 walichomeka flashi ukamfukuza mmoja ambaye hamuelewani nae, CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, mtaulizwa wale watano je, na ana siku 30 za kwenda kulalamika huko.

Aliyekuja mwenyewe kusema "kaka nimebofya kitu sikielewi" usimuadhibu kwa kubofya. Mshukuru, chomoa hiyo mashine kwenye mtandao, anza kazi. Kenya sheria inaipa ofisi inayoshika taarifa masaa 72 kumjulisha Kamishna tangu ijue kwamba zimevuja, sasa mtu akikuficha siku 4 kwa kuogopa barua ya onyo hayo masaa yanakupotea kabla hata hujaanza kuyahesabu vizuri.

Hatua ya 8: Futa kwa tarehe

Logi za kawaida mimi nazipa siku 90, za malipo zinakaa kwa muda unaotakiwa na wakaguzi, za uchunguzi wa mtu zinakaa mpaka shauri liishe na muda wa kukata rufaa upite. Chagueni wenyewe lakini iandikwe kwenye zile kurasa 2, na ufutaji uwe na siku yake kwenye kalenda na jina la anayefuta, vinginevyo hautafanyika, diski inajaa tu na miaka 6 ya maisha ya watu.

Zile skrinshoti zangu nilizifuta Ijumaa moja jioni baada ya kumbana bosi wiki nzima, zilikuwa maelfu, na nakala ya akiba nikaifuata kwenye diski ya nje iliyokuwa kabatini kwa mhasibu. Kama na wewe unazo mahali, anza na hiyo nakala ya akiba, ndo huwa inasahaulika.